Jirani Hakusikia, wa Mbali Akasikia

Somo la vikundi: Tunajifunza nini kwa watu wa redio ya ridhaa?

Somo hili lahusu jambo ambalo kila kikundi hulihitaji siku ya shida, nalo ni kupeleka habari. Tutajifunza kwa watu ambao wengi wetu hatujawahi kukutana nao, lakini kazi yao inafanana sana na kazi ya kikundi. Hawalipwi, wanajitolea, na wanasaidiana hata kama mmoja yuko Kenya na mwenzake yuko ng'ambo ya bahari.

MADHUMUNI YA SOMO

Mkimaliza somo hili mtaweza:
1. Kueleza watu wa redio ya ridhaa ni akina nani, na wanasaidianaje kuvuka mipaka ya nchi.
2. Kueleza kwa nini wakati mwingine aliye karibu hasikii na aliye mbali anasikia.
3. Kuandika na kupeleka habari ya dharura bila kuiharibu njiani.

KABLA YA KUSOMA

Mwenyekiti awaulize wanakikundi swali hili: "Mvua ikinyesha usiku kucha, mto ufurike, daraja libebwe na simu zote zinyamaze, habari ya kijiji chetu itatoka vipi? Na nani ataisikia?" Waacheni watu wajibu bila haraka. Karani aandike majibu yote, hata yale ya kuchekesha. Tutayarudia mwishoni.

WATU WA REDIO YA RIDHAA NI AKINA NANI?

Kuna redio ya kusikiliza tu, ile iliyo nyumbani kwako. Halafu kuna redio ya kuitana, ambayo mtu huongea na kujibiwa, kama ile ya polisi au ile iliyokuwa katika misheni na hospitali za mbali. Mtu wa redio ya ridhaa ana redio ya aina hii ya pili, lakini ameinunua au ameiunda mwenyewe, kwa hiari yake. Hauzi kitu hewani wala halipwi. Anajifunza tu jinsi mawimbi ya redio yanavyosafiri, na anazungumza na wenzake duniani.

Msidhani hii ni kazi ya mabwana wakubwa wa mijini. Tarehe 18 Oktoba 1924, mkulima mmoja wa kondoo huko New Zealand, jina lake Frank Bell, aliongea kwa redio na Cecil Goyder, mwanafunzi wa shule moja ya London. Ilikuwa mara ya kwanza nchi hizo mbili kuongea hivyo, na ziko karibu pande mbili za dunia. Kwa hiyo upande mmoja alikuwako mtu wa shamba, na upande wa pili mtoto wa shule. Baadaye Frank alipozidiwa na kazi ya shamba, dada yake Brenda aliichukua ile redio, na mwaka 1927 akawa mtu wa kwanza wa New Zealand kuongea na Afrika Kusini kwa redio. Akina mama, hilo mliweke moyoni.

Mwaka 1925 watu hawa walikutana Paris wakaunda umoja wao wa kimataifa. Mpaka leo, tarehe 18 Aprili ya kila mwaka huadhimishwa kuwa siku ya redio ya ridhaa duniani. Hapa Kenya pia wako, na wana chama chao. Kila mmoja ana jina lake la mwito, na majina ya Kenya kwa kawaida huanza na 5Z4. Mtu akisikia 5Z4 hewani, awe Japani au Brazil, anajua moja kwa moja kwamba anayeita ni wa Kenya.

HADITHI YA KIJANA WA KIJIJINI

Sasa sikilizeni hadithi ya kweli. Ni ya zamani, lakini ndani yake mna somo letu lote.

Mwezi wa Mei 1928, Waitalia walirusha chombo cha angani kuelekea Ncha ya Kaskazini, mahali penye barafu tupu juu ya bahari. Chombo hicho kilikuwa kama puto kubwa sana lililojazwa gesi, na chini yake chumba cha watu. Kiliitwa Italia, na mkubwa wake alikuwa Jenerali Umberto Nobile. Ndani walikuwamo watu 16. Walifika Ncha ya Kaskazini tarehe 24 Mei. Kesho yake, wakirudi, chombo kilishuka kwa nguvu kikagonga barafu. Chumba kilipasuka, watu kumi wakamwagika nje, na mmoja wao akafa pale pale. Puto, likiwa limepunguziwa mzigo, likapaa tena na watu sita ndani yake. Hao sita hawakuonekana tena.

Basi wakabaki watu tisa juu ya barafu, wengine wamevunjika miguu na mikono, pamoja na mbwa mdogo. Walipata hema moja, wakalitia rangi nyekundu ili lionekane na ndege. Na katika vitu vilivyoanguka walipata redio ndogo ya dharura. Mwendeshaji wa redio hiyo, Giuseppe Biagi, akasimamisha mlingoti wa eriali kwa vipande vya vyuma vilivyovunjika, akaanza kuita kwa milio ya Morse: SOS, SOS, SOS. Aliita kwa saa maalumu, siku baada ya siku.

Kilomita mia chache kutoka hapo, katika visiwa vya Svalbard, kulikuwa na meli yao wenyewe, Città di Milano. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia. Lakini meli haikuwapata. Cha kuumiza zaidi ni kwamba Biagi, kwa redio yake ile ile, aliweza kusikia habari zikitangazwa kutoka Roma. Yeye anaisikia Roma, Roma haimsikii. Hebu fikirini mtu yuko ndani ya shimo, anasikia watu juu wakiulizana yuko wapi, naye anapiga kelele na hakuna anayegeuka.

Zikapita siku tisa. Tarehe 3 Juni 1928, katika kijiji cha Voznesenye-Vokhma huko Urusi, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwa lile hema, kijana mmoja aliyeitwa Nikolai Schmidt alikuwa akisikiliza redio aliyoiunda kwa mikono yake. Alikuwa mtu wa redio ya ridhaa. Hakutumwa na mtu, wala hakuwa na mshahara wa kusikiliza. Akasikia milio hafifu. Maneno hayakuwa kamili. Alipata "Italie", akapata "Nobile", akapata SOS, na vipande vingine visivyoeleweka vizuri.

Angeweza kusema, "Aa, haya si yangu. Hawa ni Waitalia, na wana meli yao." Angeweza pia kuogopa kuchekwa, maana nani angeamini kwamba kijana wa kijijini amesikia kile ambacho meli ya serikali haikukisikia? Hakufanya hivyo. Alipeleka simu ya maandishi Moscow, kwa chama cha wapenzi wa redio. Chama kikaipeleka kwa serikali, na serikali ikawaambia Waitalia. Siku chache baadaye, ile meli ikijua sasa kwamba watu wako hai, ikasikiliza upya na ikampata Biagi.

Hapo ndipo nchi nyingi zikatoka kwenda kuwatafuta: Wanorwe, Waswidi, Wafini, Warusi, Wafaransa na Waitalia wenyewe. Hata Roald Amundsen, yule Mnorwe aliyefika Ncha ya Kusini kabla ya mtu yeyote mwaka 1911, alipanda ndege kwenda kumtafuta Nobile, ijapokuwa wawili hao walikuwa wamegombana. Ndege yake ilipotea tarehe 18 Juni, na Amundsen na wenzake hawakurudi. Tarehe 23 Juni rubani Mswidi alitua kwenye barafu akamchukua Nobile. Tarehe 12 Julai, siku 48 baada ya ajali, meli ya Kirusi ya kuvunja barafu, Krasin, ikawafikia waliobaki. Kati ya wale tisa, wanane walirudi wakiwa hai.

Hadithi hii si tamu mwanzo mpaka mwisho. Wengi walikufa, pamoja na waliokwenda kuokoa. Lakini wale wanane waliokoka kwa sababu mtu asiyewajua, na asiyekuwa na mpaka mmoja na nchi yao, alikuwa amezoea kusikiliza.

KWA NINI JIRANI HAKUSIKIA?

Hapa wanakikundi wengi huuliza: "Sasa mwalimu, yawezekanaje meli ya karibu isisikie na kijiji cha mbali kisikie? Si tunasema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali?"

Mambo ni hivi. Mawimbi ya redio ya masafa mafupi yana njia mbili. Njia ya kwanza hutambaa ardhini, nayo huchoka upesi. Njia ya pili hupanda juu angani kwa mshazari. Huko juu sana, kilomita mia moja na zaidi, kuna matabaka ya hewa ambayo jua huyatia umeme. Mawimbi yakifika hapo hupinda na kurudi chini, lakini huanguka mbali sana na yalikotoka.

Mfano wake ni huu. Mtoto akisimama mlangoni mwa kanisa akarusha mpira kwa mshazari kwenye dari, mpira utapita juu ya vichwa vya walioketi katikati, ugonge dari, umwangukie aliyeketi mbele kabisa. Aliye katikati haoni mpira, ijapokuwa yuko karibu zaidi na mtoto. Ndivyo ilivyo kwa redio. Kati ya pale mawimbi ya ardhini yanapochoka na pale ya angani yanapoanguka, kuna eneo la ukimya. Meli ilikuwa katika ukimya huo, na Schmidt alikuwa pale mpira unapoangukia.

Tena dari hii hubadilika. Mchana jua huitia nguvu, usiku hupungua. Wazee wetu waliokuwa wakisikiliza idhaa za Kiswahili kutoka London na Cologne wanakumbuka kwamba asubuhi walizungusha kwenye mita bendi moja, na jioni nyingine. Watu wa redio ya ridhaa hutumia ujuzi huo huo. Mchana wengi hukaa kwenye mita 20 kwa mwendo wa mbali, na usiku kwenye mita 40. Redio yao ya kawaida hutoa wati 100, yaani kama balbu moja kubwa, na huweza kutumia betri ya gari. Eriali inaweza kuwa waya tu uliofungwa kati ya miti miwili. Kwa mita 40, waya wa kama mita 20 hutosha. Kwa nguvu ya balbu moja mtu huongea na bara lingine.

Ndiyo sababu kusaidiana kuvuka mipaka si mapambo tu kwa watu hawa. Ni lazima. Mtu akiwa na shida, mara nyingi jirani yake hamsikii, au jirani naye yuko katika shida ile ile, nyumba imeanguka na stima hakuna. Aliye nchi nyingine ana stima, ana simu, na yuko pale mawimbi yanapoangukia. Huyo hupokea habari, na huigeuza kurudi kwa mwenzake aliye karibu na wenye shida. Anakuwa daraja.

BANDARI YA PORT BLAIR, 2004

Msije mkasema haya yalikuwa ya mwaka 1928 tu. Mwezi wa Desemba 2004, kikundi cha watu wa redio ya ridhaa kutoka India kilikuwa katika visiwa vya Andaman, kwenye mji wa Port Blair. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja, Bharathi Prasad. Kwa miaka mingi serikali ya India haikuwa inaruhusu redio za ridhaa visiwani humo, na mama huyu aliomba ruhusa kwa subira mpaka akaipata. Walifungua redio zao hotelini, na watu wa dunia nzima wakawa wanapigania kuongea nao, kwa sababu kupata Andaman hewani lilikuwa jambo la nadra. Kwao ulikuwa mchezo wa furaha.

Tarehe 26 Desemba, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ardhi ikatetemeka. Lilikuwa tetemeko lile kubwa la Sumatra, lililoleta mawimbi ya tsunami na kuua watu zaidi ya 220,000 katika nchi za Bahari ya Hindi. Simu zikakatika. Redio zile zilizokuwa za mchezo zikawa njia ya kupeleka habari. Kikundi kikaanza kutuma India bara majina ya watu walio salama, na kuleta maswali ya jamaa waliokuwa wakitafuta watu wao. Mmoja wao akapelekwa na redio katika kisiwa cha Car Nicobar, kilichoumia sana.

Tuangalie jambo moja. Mama huyu na wenzake hawakuja kwa sababu ya tetemeko. Walikuwa pale, redio zimeshafungwa, eriali zimeshapandishwa, ruhusa iko mkononi. Shida iliwakuta wakiwa tayari.

Mawimbi yale yalifika hata pwani yetu ya Kenya saa kadhaa baadaye, lakini habari ilikuwa imetangulia kwa redio na televisheni, na watu wakaondolewa ufuoni. Nchi yetu haikuumia kama wengine. Habari ikitangulia maji, watu hupona.

Na huko Haiti, baada ya tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, kasisi mmoja mmishonari katika Port-au-Prince alifungua redio yake ya ridhaa kwa nguvu ya betri, akawaambia waliokuwa wakisikiliza nchi nyingine kwamba yuko salama, na kwamba stima na simu hakuna. Kwa jamaa zake na kwa waliokuwa wakipanga msaada, maneno hayo machache yalikuwa na thamani kubwa.

"LAKINI SISI TUNA SIMU"

Kijana atasema, "Hayo ni ya zamani, siku hizi kila mtu ana simu mfukoni." Ni kweli, na simu ni kitu kizuri sana. Lakini simu yako haiongei na mwenzako moja kwa moja. Inaongea na mnara, na mnara wahitaji stima, na baadaye wahitaji njia ya kwenda mnara mwingine. Mnara ukianguka au stima ikiisha, simu yako inabaki tochi. Na hata mnara ukiwa mzima, siku ya msiba watu wote hupiga kwa wakati mmoja, njia ikajaa. Watu wa redio ya ridhaa hawasemi simu ni mbaya. Wanasema tu, msitegemee kamba moja kuvuta ng'ombe kutoka mtoni.

ADABU YA KUPELEKA HABARI

Sasa tufike kwenye kazi yetu. Kikundi chenu huenda hakitakuwa na redio ya kuitana hivi karibuni. Lakini adabu ya watu hawa mnaweza kuitumia kesho, kwa simu, kwa baiskeli au kwa miguu.

1. Sikiliza kwanza. Mtu wa redio hafungui mdomo kabla ya kusikiliza kama kuna wenzake wanaoongea. Huenda anayeongea ana shida kubwa kuliko yako.

2. Awepo mmoja wa kuongoza. Wakati wa dharura mtu mmoja husimamia zamu hewani, kama mwenyekiti wa kikundi. Wengine hawaongei mpaka waitwe. Mwenye habari ya kufa na kupona hupewa nafasi ya kwanza, na wa salamu hungoja.

3. Andika. Habari inayopelekwa kwa kichwa hubadilika njiani. Iandikwe namba yake, inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na saa ngapi.

4. Hesabu maneno. Anayetuma husema habari ina maneno mangapi. Anayepokea huhesabu. Yakipungua au yakizidi, wanarudia. Ni njia rahisi, wala haihitaji elimu ya juu.

5. Taja majina kwa herufi. Kila herufi ina neno lake linalojulikana duniani kote: A ni Alfa, B ni Bravo, J ni Juliett, M ni Mike, U ni Uniform. Basi Juma huwa Juliett, Uniform, Mike, Alfa. Mhindi, Mrusi na Mkenya wote huandika jina moja.

6. Rudia ulichosikia. Mpokeaji husoma habari yote, na mtumaji husema "sawa" au husahihisha. Bila hivyo, haijafika.

7. Usiongeze, usipunguze. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Schmidt alipata maneno yasiyo kamili. Kama angejaza mapengo kwa kukisia, huenda watu wangetafutwa mahali pengine kabisa. Kama husikii vizuri, sema hukusikia vizuri. Habari yenye pengo ni bora kuliko habari iliyojazwa kwa uongo.

KUVUKA MIPAKA KUNA SHERIA

Watu wa nchi mbalimbali wakiongea hewani, serikali huweza kuogopa. Huyu anamwambia nini mgeni? Kwa hiyo kuna kanuni za kimataifa. Watu wa redio ya ridhaa wakiongea kuvuka mpaka hawaruhusiwi kutumia lugha ya siri. Huongea mambo ya majaribio yao ya redio na mambo madogo ya kibinafsi. Biashara haimo. Kanuni hizo, zilizorekebishwa mwaka 2003, zinaruhusu kupeleka habari za watu wengine kuvuka mpaka wakati wa dharura na maafa, na nje ya hapo kila serikali huweka masharti yake. Tena kuna Mkataba wa Tampere, uliofanywa huko Finland mwaka 1998 na kuanza kutumika tarehe 8 Januari 2005, wa kurahisisha vyombo vya mawasiliano kuingia katika nchi yenye maafa. Maana mara nyingi msaada ulikwama mpakani kwa karatasi.

Hofu hii si ya mchezo. Nikolai Schmidt, yule kijana aliyewaokoa Waitalia, aliuawa na serikali ya nchi yake mwenyewe mwaka 1942, wakati wa vita, kwa mashtaka ambayo mwaka 1984 yalitangazwa kuwa hayana msingi. Tunalisema hili kwa huzuni, ili tujue kwamba mtu anayejenga daraja hawi salama siku zote. Ndiyo sababu watu hawa hushika sana mwenendo wa kuongea waziwazi, ili yeyote asikilize na asione la kuficha.

Hapa Kenya, leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na lazima mtu aonyeshe kwamba ameifahamu kazi. Kurusha bila leseni ni kosa, kwa hiyo kijana wako asije akanunua mtambo sokoni akaanza kuita. Aanze kwa kusikiliza. Lakini ajue kwamba kwenye redio ya kawaida ya masafa mafupi, sauti zao nyingi husikika kama bata, kwa sababu hutumia njia tofauti ya kutuma sauti. Inahitajika redio yenye kitufe cha kurekebisha sauti ya aina hiyo.

ZOEZI LA KIKUNDI

Wanakikundi kumi wasimame kwa mstari, wakiachana hatua kumi. Mwenyekiti amnong'oneze wa kwanza habari hii, naye amnong'oneze wa pili, hivyo hivyo mpaka wa kumi:

"Daraja limebebwa na maji. Watu 23 wako ng'ambo, watoto 9. Hawana dawa wala chakula."

Wa mwisho aseme alichosikia kwa sauti. Mtacheka, lakini msicheke sana, maana siku ya kweli hakutakuwa na kicheko.

Sasa rudieni kwa kuandika. Karani aandike: Namba 1. Kutoka kikundi cha maji. Kwa chifu. Jumanne, saa 1:20 asubuhi. Maneno 14. Halafu habari yenyewe. Kila mmoja aisome kwa mwenzake, mwenzake aandike, ahesabu maneno, na airudie. Linganisheni ya kwanza na ya kumi.

Mkimaliza, ulizaneni: Je, wale watoto 9 wako ndani ya wale 23, au ni juu yao? Chifu atapeleka chakula cha watu 23 au cha 32? Habari inaweza kufika bila kosa hata moja na bado ikawa na shimo ndani yake tangu mwanzo. Iandikeni upya mpaka isiwe na maana mbili.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Schmidt angenyamaza kwa kuogopa kuchekwa, nini kingetokea? Je, katika kijiji chetu kuna watu ambao habari zao hazisikilizwi kwa sababu ni vijana, ni akina mama, au ni maskini?
2. Amundsen alikwenda kumtafuta mtu aliyegombana naye. Tuna majirani gani ambao hatungewaita, au wasingetuita, siku ya shida? Tufanye nini kabla ya siku hiyo?
3. Kama stima na simu vikikatika wiki nzima, kikundi kipi cha kijiji kingine, au hata cha ng'ambo ya mpaka, kingeweza kutusikia? Tumewahi kuongea nao siku ya amani?
4. Rudini kwenye majibu ambayo karani aliandika mwanzoni. Yapi bado yanafaa? Nani atapewa kazi gani?

NENO LA KUFUNGA

Watu wa redio ya ridhaa wakimaliza kuongea huagana kwa namba, sabini na tatu. Maana yake ni salamu njema. Namba hiyo hueleweka kwa Mrusi, kwa Mhindi na kwa Mkenya. Siku nyingi hawana jambo kubwa la kuambiana: mvua imenyesha au haijanyesha, sauti yako naipata vizuri au vibaya. Mtu wa nje angesema wanapoteza wakati. Lakini ni katika siku hizo za kawaida wanapozoeana sauti, ili siku moja sauti ikitetemeka, mwenzake ajue.

Kikundi chenu nacho kiwe hivyo. Msingoje mafuriko ndipo mtafute namba ya simu ya kikundi jirani. Wapelekeeni salamu wiki hii.